ONESIMOS NESIB: MAJIRA MATANO YA BARIDI YA MFASIRI WA WAOROMO

Kamati ya kitabu hiki iliponiomba niandike maisha ya mmoja wa watu waliotangulia katika kazi ya Injili, nilielewa kwamba ilitarajia jina la mmisionari aliyetoka Ulaya akaja kwetu. Majina ya namna hiyo tunayaheshimu, na vitabu vya jubilei huyapa nafasi ya kutosha. Mimi nimeomba ruhusa ya kumwandika mtu aliyesafiri kwa upande wa pili, mwana wa Afrika Mashariki aliyetoka penye jua akaenda penye theluji, akakaa huko majira matano ya baridi, kisha akarudi na kukuta njia ya kwenda kwao imefungwa. Jina lake ni Onesimos Nesib. Nchini Ethiopia, hasa miongoni mwa Waoromo, analifahamu hata mtoto wa shule ya Jumapili. Kwetu sisi wa Tarime na Serengeti amekuwa mgeni, na nadhani ni haki akaribishwe leo pamoja na wageni wetu wengine.

Alizaliwa yapata mwaka 1856, karibu na Hurumu, katika nchi ya Illubabor iliyo magharibi mwa Ethiopia. Wazazi wake walimpa jina la Hika. Katika lugha ya Kioromo neno hilo lina maana ya mtu afasiriye, na wale tuliozoea kusoma habari za manabii hatutashangaa kwamba jina lilitangulia kazi kwa miaka mingi. Baba yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minne hivi. Bado akiwa mdogo, alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akauzwa, akauzwa tena, akapita mikononi mwa mabwana wengi, kila mmoja akimsogeza mbele kidogo kuelekea pwani. Mwisho wa safari hiyo ulikuwa bandari ya Massawa katika Bahari ya Shamu. Mtumwa aliyefikishwa hapo alikuwa amebakiza kuvushwa tu kwenda Uarabuni. Mwaka 1870 mtu mmoja wa Uswisi aliyeishi huko, Werner Munzinger, alimkomboa na kumpeleka kwa wamisionari wa Kiswidi.

Wamisionari hao walitumwa na chama kiitwacho Evangeliska Fosterlands-Stiftelsen, kilichoanzishwa mwaka 1856. Walikuwa wamefika Massawa mwaka 1866, wakiwa na shauku kubwa ya kuwafikia Waoromo wa bara, lakini hawakuwa na njia ya kupenya. Sasa Mworomo mmoja, kijana asiye na ndugu, alikuwa amesimama mlangoni pao. Walimfundisha, naye alifahamu upesi. Siku ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1872, alibatizwa na kupewa jina la Onesimos. Msomaji wa Waraka kwa Filemoni anaelewa kwa nini walilichagua jina la mtumwa yule. Mimi hujiuliza kama kijana mwenyewe alilipenda, maana si kila aliyewahi kuwa mtumwa hufurahi kukumbushwa habari hiyo kila anapoitwa. Hata hivyo alilibeba mpaka kufa, na alilipa heshima.

Mwaka 1876 walimpeleka Uswidi, akasome katika chuo chao cha wamisionari cha Johannelund, huko Bromma, magharibi mwa jiji la Stockholm. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi.

Hapa naomba msomaji wa Tarime avute kiti. Mji wetu uko zaidi kidogo ya nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Jua letu huchomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima, na ndiyo maana saa zetu za Kiswahili zinahesabika vizuri. Stockholm uko zaidi ya nyuzi 59 kaskazini. Katika siku za mwisho za Desemba jua huchomoza huko karibu na saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri, nalo halipandi juu hata kidogo, bali hukokota ukingoni mwa anga kama mtu mgonjwa. Mchana wote ni wa saa sita. Mtu aliyezaliwa Illubabor, penye mvua na misitu ya kijani, akalelewa Massawa, moja ya bandari zenye joto kali kuliko zote duniani, alipaswa kujifunza theolojia, historia ya Kanisa na lugha ya kigeni katika giza la namna hiyo, mara tano, kuanzia majira ya baridi ya 1876 hadi yale ya 1881.

Ikumbukwe pia kwamba Uswidi ile haikuwa Uswidi tunayoijua sisi, ile ya magari na hospitali. Miaka michache tu kabla hajafika, kati ya 1867 na 1869, nchi ile ilikumbwa na njaa kali. Katika sehemu za kaskazini watu walichanganya unga na magome ya miti na kuvumwani ili mkate utoshe. Maelfu kwa maelfu walikuwa wakipanda meli kwenda Marekani kutafuta ardhi. Fedha iliyomsomesha Onesimos ilitoka katika vikundi vya maombi na vya ushonaji, kwa wakulima na wajakazi waliotoa sarafu ndogondogo. Nalisema hili kwa wageni wetu wa dayosisi kwa sababu tumezoea kudhani kwamba sadaka ya misheni hutoka penye wingi.

Nirudi kwenye theluji. Mwezi Februari 1994 mimi mwenyewe nilijaliwa kwenda Uswidi katika ujumbe wa makanisa rafiki, na asubuhi ya kwanza nilianguka mara mbili kati ya mlango wa nyumba na lango la barabara. Mama aliyetupokea hakucheka, au alicheka akiwa amegeuka. Aliniletea vibati vyenye meno ya chuma vya kufunga chini ya viatu, akanionyesha namna ya kutembea kama bata, hatua fupi, uzito ukiwa juu ya mguu wa mbele. Kabla ya siku ile nilikuwa nimeamini, kama wengi wetu tunavyoamini, kwamba theluji ni kizuizi. Nilifikiri nchi ile husimama miezi mitano, watu wakajifungia ndani, wakangoja.

Kumbe ilikuwa kinyume. Kwa watu wa zamani wa Uswidi, majira ya baridi ndiyo yaliyokuwa majira ya safari. Nchi ile ina maziwa maelfu, mabwawa, vinamasi na misitu. Wakati wa kiangazi msafiri alilazimika kuzunguka kila ziwa, na vinamasi vilimeza magurudumu. Baridi ilipokaza, maji yote hayo yaligeuka kuwa sakafu. Mkulima aliyehitaji siku nzima kulizunguka ziwa aliweza sasa kulikata kwa saa moja. Magogo ya msituni, makaa, chuma, nyasi za mifugo zilizokatwa mbali, vyote vilingojea theluji ili visafirishwe. Wenzetu wa Serengeti wataelewa haraka, kwa kuwa sisi tuna kalenda hiyohiyo iliyogeuzwa. Kwetu masika hufunga njia. Udongo mweusi wa mbugani hushika magari mpaka kwenye mhimili, Mto Mara hufurika, na mwinjilisti wa mtaa ulio ng'ambo haonekani kwenye kikao mpaka maji yapungue. Tunangoja kiangazi ili tuvuke. Wao waliingoja baridi ili wavuke.

Chombo chao kilikuwa sleji. Wakulima wetu wanakijua kitu cha jamii hiyo: lile gogo lenye panda linalokokotwa na maksai kubeba plau na madumu ya maji. Sleji ni hilo, ila limetengenezwa kwa ufundi zaidi, lina mbao mbili ndefu chini zilizopinda mbele na kuvishwa chuma, nalo huteleza juu ya theluji kwa wepesi ambao mkokoteni wa magurudumu haujui. Farasi alivishwa viatu vyenye meno ili asianguke. Shingoni alifungwa kengele, nazo hazikuwa pambo tu. Gari lisilo na magurudumu halina kishindo, na theluji humeza hata mlio wa kwato. Bila kengele, sleji mbili zingekutana gizani kwenye kona ya msitu bila ya yeyote kusikia lolote. Abiria walijifunika ngozi za kondoo mpaka kifuani.

Njia za juu ya maziwa ziliwekewa alama. Wanakijiji walikata misonobari midogo na kuisimika katika barafu, mti baada ya mti, ili msafiri asipotee theluji inapovuma na kufanya mbingu na nchi kuwa rangi moja. Kazi hiyo ilikuwa wajibu wa kijiji, kama vile msaragambo wa kuchonga barabara ulivyo kwetu. Na walijua kuisoma barafu. Ile mpya iliyo ngumu na yenye weusi wa kioo, ikiwa na unene wa sentimita tano hivi, humbeba mtu mmoja. Farasi na sleji yake huhitaji mara kadhaa ya hapo. Mahali mto unapoingia ziwani, au penye mlango mwembamba wenye mkondo, barafu hudanganya. Mwezi wa Aprili inaweza kuwa nene kuliko Januari na bado ikawa imeoza ndani, ikabomoka chini ya mguu kama mhogo uliooza. Kwa hiyo mtu aliyetangulia alishika mtaimbo, akapiga mbele yake kila hatua chache, akasikiliza.

Kaskazini mwa Stockholm, kati ya Grisslehamn na visiwa vya Åland, posta ya serikali ilivushwa baharini na wakulima na wavuvi tangu mwaka 1638 hadi 1910. Palipo na maji walipiga makasia. Palipo na barafu walishuka, wakaiburuta mashua juu ya barafu. Ilipovunjika waliruka ndani tena. Wengi walikufa katika kazi hiyo. Nilipoonyeshwa mashua ya namna hiyo, iliyofungwa mbao za kutelezea chini ya tumbo lake, niliiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyoyaangalia makanisa makuu.

Katika miaka ya Onesimos reli ilikuwa imeshafika. Njia ya kutoka Stockholm hadi Göteborg ilifunguliwa mwaka 1862, na mvuke ulipita katika theluji ambayo meli hazikuweza kuishinda, kwa kuwa Bahari ya Baltiki huganda na bandari zake zilifungwa kwa majuma mengi. Lakini nje ya reli, mashambani, sleji ilikuwa bado inatawala. Bromma nayo ilikuwa shamba katika siku zile. Iko kando ya Ziwa Mälaren, lenye visiwa na ghuba zisizohesabika, na ziwa hilo lilipoganda liligeuka kuwa uwanja wa njia panda.

Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana ndiyo iliyoonyesha uzuri wa safari hizo. Waswidi wana ibada ya alfajiri ya siku hiyo, iitwayo julotta. Watu wa mashambani waliamka usiku wa manane, wakawafunga farasi, wakatoka nyumba kwa nyumba wakiwa na mienge ya misonobari, na mtu aliyesimama penye kanisa aliona mistari ya moto ikishuka kutoka vilimani na kuvuka ziwa kutoka pande zote. Walipofika waliitupa mienge yao katika rundo moja, ikawaka moto mkubwa uani mwa kanisa. Ndani mishumaa ilikuwa katika kila dirisha. Baada ya ibada vijana walishindana kurudi nyumbani, na ilisemwa kwamba aliyetangulia kufika atapata mavuno mema mwaka ule. Wachungaji waliwakemea, nao waliendelea kushindana. Mwanafunzi aliyekaa huko Desemba tano hakuweza kuikwepa sikukuu hiyo. Napenda kumfikiria Onesimos katika giza lile la saa kumi na moja alfajiri, yeye aliyeburutwa akiwa mtoto kutoka soko hadi soko, sasa akiwatazama watu wanaosafiri usiku kwa hiari yao na kwa furaha.

Mwaka 1881, masomo yakiwa yamekwisha, alirudi Massawa. Alimwoa Mehret Hailu, na mara moja akajiunga na msafara wa kwenda kwa Waoromo wa Wellega. Hapa ndipo habari yake inapogeuka kuwa nzito. Katika nchi ya theluji alikuwa ameona maji yakiwa barabara. Katika nchi yake mwenyewe, barabara zilizokuwepo tangu mababu zilikuwa zimefungwa kwake na watu. Watawala wa nyanda za juu hawakuruhusu wamisionari kupita. Msafara ukaamua kuzunguka kupitia Sudani, kwa jangwa na Mto Nile, uingie Wellega kutoka magharibi. Walifika karibu na Asosa, na homa ikawaangusha. Tarehe 10 Aprili 1882 walikuwa wamerudi Khartoum, hawakuiona Wellega, na uasi wa Mahdi ulikuwa umeanza kuwaka nyuma yao. Wakarudi pwani, katika kituo cha Imkullu, nje ya Massawa.

Mwaka 1886 alijaribu tena, safari hii kwa kupitia Entoto, kwenye makao ya Menelik aliyekuwa Mfalme wa Shewa. Menelik alikataa. Akarudi Imkullu kwa mara ya pili.

Tangu aliporudi kutoka Uswidi mpaka alipoiona nchi ya Waoromo ilipita miaka 23. Katika maisha ya mchungaji hiyo ni karibu huduma nzima. Kijana anayepangiwa mtaa wa mbali siku hizi hulalamika baada ya miezi sita, nami nililalamika mapema kuliko hapo.

Kwa kuwa miguu yake ilizuiwa, alikaa mezani. Alianza kutafsiri. Na mezani akakutana na aibu ambayo vitabu vingi vya misheni huipitia haraka. Mtu huyu aliyejua Kiswidi cha kutosha kusomea theolojia, aliyepewa jina la mfasiri na mama yake, alikuwa hajui Kioromo cha kutosha. Alikuwa amechukuliwa akiwa mtoto. Lugha aliyokuwa nayo ilikuwa lugha ya mtoto, ya kuomba maziwa na kuchunga ndama. Haikuwa na maneno ya wazee, ya baraza, ya kusuluhisha, ya kuomboleza. Angewezaje kuandika hukumu, agano, upatanisho? Wazee wa Kikurya na wa Kingurimi wanaosoma ukurasa huu, na ambao wajukuu zao wanawajibu kwa Kiswahili cha mjini, watajua jambo hili lina uchungu gani.

Msaada ulitoka baharini. Mwaka 1886 meli ya Kiitaliano ilikamata chombo kilichokuwa kikiwavusha watumwa kwenda Uarabuni, na baadhi ya waliookolewa, Waoromo, waliletwa katika shule ya Imkullu. Miongoni mwao alikuwamo msichana aliyeitwa Aster Ganno. Yeye alikuwa ametekwa akiwa mkubwa zaidi, na alikuwa na masikio na kumbukumbu za ajabu. Lugha ya kwao ilikuwa hai kichwani mwake. Alikusanya maelfu ya maneno kwa ajili ya kamusi, akaandika vitendawili, hadithi, methali na nyimbo za Waoromo kama alivyozisikia nyumbani. Onesimos alikuwa na elimu ya Maandiko, Aster alikuwa na lugha, na wala asingeweza kazi ile peke yake. Kitabu cha nyimbo za Kikristo kwa Kioromo kilitoka mwaka 1887. Agano Jipya likapigwa chapa mwaka 1893. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu cha kusomea, ambacho Aster alishiriki kukitunga, nacho kilijaa hadithi na mashairi ya watu wenyewe. Biblia nzima ilichapwa mwaka 1899 huko St. Chrischona, karibu na Basel, nchini Uswisi.

Jina lililoandikwa katika kumbukumbu nyingi kama mtafsiri ni la Onesimos. Nimeona vitabu vinavyomtaja Aster kama msaidizi tu, katika mstari mmoja. Kwa maoni yangu hiyo si haki, nami nadhani Onesimos mwenyewe asingekubali kuisaini. Akina mama wa usharika huu waliofundisha watoto nyimbo kwa miaka mingi, bila kuandikwa katika muhtasari wowote, wanastahili tulikumbuke jambo hilo katika mwaka wa jubilei.

Mwaka 1904 hatimaye njia ilifunguka. Onesimos alifika Wellega, kwanza Boji, kisha akahamia Nekemte, ambako mtawala wa huko, Dejazmach Gebre Egziabher, aliyeitwa hapo awali Kumsa Moroda, alimpokea kwa heshima. Alikuwa mtu wa karibu miaka hamsini. Alifungua shule. Alihubiri kwa Kioromo, na watu ambao siku zote walisikia ibada katika Kigeez, lugha ya zamani ya Kanisa la Ethiopia wasiyoielewa, walisikia Neno katika lugha ya nyumbani kwao. Hilo lilitosha kuleta mashtaka. Makasisi walimshitaki mbele ya Abuna Mattewos, mkuu wa Kanisa hilo, na mwezi Mei 1906 iliamriwa afukuzwe katika nchi aliyoingoja maisha yake yote. Menelik, ambaye sasa alikuwa Mfalme Mkuu, aliibadili hukumu: Onesimos aweze kurudi Nekemte, ila asihubiri.

Miaka kumi alikaa hivyo. Alikuwa nyumbani kwao, na Biblia ya lugha yao ikiwa mezani pake, amekatazwa kupanda mimbari. Nimewahi kusimama kwenye ukingo wa mto uliofurika, nikaona kwa macho paa la kanisa nililotakiwa kuhubiri, na nikageuza pikipiki. Ilikuwa Jumapili moja. Yeye aliendelea kufundisha kwa utulivu, kwa kuwa kufundisha kusoma hakukukatazwa, na aliyejua kusoma aliweza kuifungua Biblia mwenyewe. Mwaka 1916 Lij Iyasu, mtawala aliyemfuata Menelik, alitoa ruhusa, na mzee akaanza kuhubiri hadharani tena. Hakuacha.

Nilipokuwa katika safari ile ya 1994, wenyeji wetu walitupeleka mpaka Luleå, mbali kaskazini, kwenye Ghuba ya Bothnia. Hapo kila mwaka, baridi ikitosha, hufunguliwa barabara juu ya bahari iliyoganda kwenda visiwani, yenye vibao vya serikali vinavyotaja uzito unaoruhusiwa na kuwataka madereva waachiane nafasi. Dereva wetu, mzee wa usharika, aliteremka kwenye barafu bila kupunguza mazungumzo. Mimi nilishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Katikati ya njia, pande zote zikiwa nyeupe, alitueleza kwamba barabara hiyo haikujengwa na mtu. Kazi ya watu ni kuifagia theluji tu ili baridi ipenye chini na kuikaza, maana theluji ni blanketi, na barafu iliyofunikwa hubaki nyembamba. Walichokuwa wakikifanya miezi ile yote ya giza, alisema, ni kufagia na kungoja. Usiku ule ndipo nilipomkumbuka Onesimos, ambaye nilikuwa nimesoma habari zake nikiwa chuoni na kuzisahau.

Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesus, lililoundwa rasmi mwaka 1959, lina mizizi yake mikubwa huko Wellega alikofundisha. Leo, pamoja na Kanisa letu la Tanzania na Kanisa la Uswidi, ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani. Aster Ganno aliishi mpaka mwaka 1964 na kuona mwanzo wake.

Onesimos hakuuona. Alifariki Nekemte tarehe 21 Juni 1931, siku ya Jumapili, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano hivi. Inasimuliwa kwamba alikuwa njiani kwenda kuhubiri. Tarehe hiyo, huko Bromma, ni miongoni mwa siku ndefu kuliko zote za mwaka: jua hukaa juu ya Ziwa Mälaren zaidi ya saa kumi na nane, na usiku hauwi giza. Wellega huwa katika mvua kubwa mwezi huo, na njia ya kwenda kanisani huwa matope.